Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu Aliyemsimamia Mgeni

Kila mwaka, tarehe 3 Juni ikifika, Wakristo wa jimbo letu la Singida, pamoja na ndugu zao wa nchi nzima, huwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Watoto wetu hubatizwa kwa majina yao, na kwaya zetu huwaimba. Lakini twaona kwamba wengi wetu, tukiisha kuwaheshimu wale vijana wa Kabaka Mwanga, hudhani kuwa habari ya Wakristo wa nchi ile iliishia Namugongo. Haikuishia hapo. Miaka 87 baada ya kuuawa yule wa kwanza wa Mashahidi wetu Wakatoliki, katika mji mkuu wa nchi ileile, alisimama Mkatoliki mwingine ambaye hakuwa padre wala katekista. Alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na baba wa familia. Jina lake Benedicto Kiwanuka. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa yana jambo la kuwafaa wazazi wenye kulea na vijana wenye kusoma.

Pengine msomaji atauliza, habari za Mganda zatuhusu nini sisi wa Singida? Twajibu kwamba zatuhusu kwa njia zaidi ya moja. Mapadre Weupe wa kwanza waliokwenda Uganda walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakapita katika nyika za Ugogo na Mgunda Mkali, ambazo leo zimo upande wa kusini wa mkoa wetu, wakafika Tabora, kisha wakashika njia ya Ziwa Viktoria. Shirika hilohilo lililojenga misheni katika nchi ya Buddu, alikozaliwa Kiwanuka, ndilo lililofika baadaye kwa Wanyaturu, pale Makiungu. Tena mwaka 1972, ambao Jimbo la Singida lilisimikwa tarehe 25 Machi, siku ya Bikira Maria Kupashwa Habari, ndio mwaka aliouawa mtu huyu. Basi umri wa jimbo letu na umri wa kifo chake ni mmoja.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922, katika Buddu, sehemu za Masaka. Ili kuyaelewa maisha yake, yatupasa kujua kwanza hali ya Ufalme wa Buganda siku zile. Tangu vita vya mwaka 1892, ambavyo Wakristo wa madhehebu mawili walipigana wao kwa wao kwa aibu kubwa, vyeo vya nchi vilikuwa vimegawanywa kwa kufuata dini. Wakatoliki walipewa Buddu, na vyeo vikubwa vya Mengo vikabaki mikononi mwa Waprotestanti. Cheo cha Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, hakikufika kwa Mkatoliki, ijapokuwa Wakatoliki walikuwa wengi kwa hesabu. Mtoto aliyezaliwa Buddu alilelewa akijua kuwa ziko milango iliyofungwa mbele yake kwa sababu ya ubatizo wake.

Alisoma katika shule za misheni, Villa Maria kwanza, kisha Nsambya karibu na Kampala. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto akajiandikisha katika jeshi la King's African Rifles, maarufu kwa jina la KAR, mwaka 1942, akapelekwa Misri na Palestina, akapanda hadi cheo cha sajini-meja. Aliporudi kwao mwaka 1946 hakurudi kulima. Alipata kazi ya karani na mkalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda.

Twaomba wasomaji wetu waitazame sana kazi hiyo. Mkalimani wa mahakama siku za ukoloni alisimama katikati ya jaji Mwingereza na mshitakiwa Mwafrika. Maneno ya mtu maskini aliyetoka kijijini, asiyejua sheria wala lugha ya sheria, yalipita kinywani mwake. Kosa moja la tafsiri laweza kumpeleka mtu gerezani. Kijana yule alikaa miaka kadhaa akisikia vilio vya watu na kuvipeleka mbele, bila yeye mwenyewe kuwa na uwezo wa kuamua neno lolote. Hatushangai kwamba alitaka kujua sheria kwa undani.

Mwaka 1950 alisafiri hadi nchi ya Basuto, ambayo leo huitwa Lesotho, akasoma katika chuo cha Kikatoliki cha Papa Pius wa Kumi na Mbili kilichoko mahali panapoitwa Roma. Chuo hicho kilianzishwa na maaskofu wa Afrika Kusini mwaka 1945 ili vijana Waafrika wapate elimu ya juu. Baada ya miaka miwili akaenda London kusomea sheria, akahitimu na kupokelewa uwakili mwaka 1956. Alikuwa na miaka zaidi ya 30, amekwisha oa, amekwisha kuwa askari. Akarudi Kampala, akafungua ofisi yake, akawa wakili wa kujitegemea.

Wakati huo siasa ilikuwa imeanza kuchemka. Mwaka 1954 kilikuwa kimeundwa chama cha Democratic Party, kifupi DP, ambacho wito wake ulikuwa ukweli na haki. Walioanzisha wengi walikuwa Wakatoliki waliochoshwa na kubaguliwa katika vyeo. Uchungu wao ukazidi mwaka 1955, wakati Mkatoliki mmoja, Matayo Mugwanya, alipogombea ukatikiro akashindwa kwa kura chache sana. Mugwanya akawa mkuu wa chama, na mwaka 1958 Kiwanuka akashika nafasi yake.

Hapa yafaa tuseme jambo bila kuficha. Watani wa siku zile walisema kwamba herufi DP maana yake ni Dini ya Papa. Kulikuwa na ukweli katika utani huo, na ukweli huo haukuifaa nchi, kwa kuwa chama cha pili, UPC cha Milton Obote, nacho kilionekana kuwa chama cha Waprotestanti. Dini iliyotakiwa kuwaunganisha watu ikawa kama alama ya timu za mpira. Kiwanuka alijua hatari hiyo. Alijitahidi kukitoa chama chake katika mipaka ya Buddu na kukipeleka kaskazini, magharibi na mashariki ya Uganda, kwa watu wa makabila mengine, akahubiri kwamba Uganda ni nchi moja na kwamba raia wote wana haki sawa. Hakufaulu kuliondoa jina lile, lakini alikitoa chama katika manung'uniko ya Wakatoliki wa Mengo, akakifanya kuwa chama cha taifa.

Uchaguzi mkuu ulifanyika mwezi wa Machi 1961. Serikali ya Kabaka iliwaamuru Waganda wasijiandikishe wala kupiga kura, kwa kuwa ilitaka kwanza Buganda ihakikishiwe nafasi yake ya pekee. Kiwanuka, Mganda mtupu, hakukubali. Aliona kwamba mfalme aheshimiwe, lakini raia asizuiwe kuchagua watakaomwongoza. Wachache sana katika Buganda walithubutu kupiga kura, na wengine walipata mateso kwa sababu hiyo. Kwa kura hizo chache DP ilipata viti 20 kati ya 21 vya Buganda, ikawa na viti vingi kuliko UPC katika baraza zima, ingawa UPC ilipata kura nyingi zaidi nchini kote. Tarehe 2 Julai 1961 Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo.

Hakudumu. Watu wa Mengo hawakumsamehe. Mtu asiye wa ukoo wa wakubwa, tena Mkatoliki, alikuwa amekaa juu, na wao waliona kama Kabaka ametukanwa. Wakaunda chama kiitwacho Kabaka Yekka, maana yake Kabaka peke yake, wakaungana na Obote. Mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1961 ulikubali kwamba wabunge wa Buganda waweze kuchaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la Kabaka, badala ya kuchaguliwa na wananchi wenyewe. Kiwanuka alilipinga jambo hilo kwa nguvu zake zote, asisikilizwe. Mwezi wa Februari 1962 Kabaka Yekka wakapata viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko. Mwezi wa Aprili UPC na Kabaka Yekka kwa pamoja wakaishinda DP, na tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya uhuru ilipopandishwa, Waziri Mkuu alikuwa Obote. Kiwanuka hakuwa hata mbunge.

Hatutaki kumfanya malaika. Walioandika habari zake wasema alikuwa mtu mgumu, mwenye maneno makali, asiyejua sana kubembeleza. Huenda kiongozi mwenye ulimi laini angalipatana na Kabaka, na nchi ingaliepushwa na mengi. Lakini yaliyofuata yalionyesha kwamba katika jambo lenyewe hakukosea. Ule muungano wa Obote na Mengo, uliojengwa juu ya kumchukia mtu mmoja, ulivunjika upesi. Mwaka 1966 majeshi ya Obote yaliivamia ikulu ya Kabaka, naye Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Waliomzuia raia asipige kura ili kuulinda ufalme walipoteza ufalme pamoja na kura.

Katika miaka hiyo Kiwanuka aliendelea kuongoza upinzani, huku wenzake wengi wakivuka upande wa Serikali kutafuta vyeo. Mwezi wa Desemba 1969 Obote alipigwa risasi asife, na mara vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Mwaka huohuo Kiwanuka akatiwa kizuizini, pasipo kuhukumiwa na mahakama yoyote. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu akajifunza, kwa mwili wake mwenyewe, maana ya kufungwa bila kuambiwa siku ya kutoka.

Alitolewa kizuizini mwezi wa Januari 1971, baada ya Jenerali Idi Amin kuipindua Serikali tarehe 25 ya mwezi huo. Siku zile watu wengi katika Buganda walishangilia barabarani. Amin aliwafungua wafungwa wa kisiasa, akaurudisha mwili wa Kabaka uzikwe kwao. Mwezi wa Juni 1971 akamteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Yule mkalimani wa zamani akarudi katika Mahakama Kuu, safari hii akiwa mkuu wake.

Je, alifanya vema kukubali? Wako walioona kwamba hakupaswa kumtumikia mtu aliyeshika nchi kwa bunduki, na neno lao lina uzito. Hapa Tanzania, Mwalimu Nyerere alikataa katakata kumtambua Amin. Lakini yafaa tukumbuke kwamba waliokuwa ndani ya Uganda hawakuwa na nchi nyingine. Mahakama haina budi kuwa na majaji, na wanyonge huletwa mbele yake kila siku, awe anatawala mwema au mwovu. Sisi twaona kwamba afadhali mtu apimwe kwa jinsi alivyokitumia kiti kuliko kwa mkono uliompa kiti. Kiwanuka alikitumia kwa miezi isiyozidi 15, na katika mwezi wa mwisho alipimwa.

Mwezi wa Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza watoke nchini katika muda wa siku 90. Chuki juu ya Waingereza ikapanda, na askari wakawa wakimkamata yeyote wamtakaye. Katika hao waliokamatwa alikuwamo Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Mawakili wakapeleka maombi katika Mahakama Kuu. Waliomba ile amri ya kale ya sheria inayomtaka aliyemshika mtu amlete mbele ya jaji, aeleze amemshika kwa sheria gani, na kama hana sheria amwache aende zake.

Tufikiri kidogo juu ya hali ya Jaji Mkuu wakati ule. Aliyeletwa mbele yake hakuwa ndugu yake, wala mtu wa kabila lake, wala mwanachama wa chama chake. Alikuwa raia wa nchi ya wakoloni, ambayo kumpendelea ilikuwa hatari, na kumwacha afungwe hakungemletea jaji lawama hata moja mitaani. Angeweza kuiahirisha kesi, au kujifanya mgonjwa, au kumwachia jaji mwingine. Hakufanya hivyo. Mwanzoni mwa Septemba 1972 aliamua kwamba kushikwa kwa mtu yule kulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru afunguliwe.

Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashambulia Masaka na Mbarara, wakashindwa. Amin akapata kisingizio cha kuwamaliza wote aliowashuku. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu mchana kweupe, wakamtoa nje mbele ya makarani na mawakili, wakamtia katika gari, wakaenda naye. Hakuonekana tena. Mwili wake haukupatikana, na jamaa zake hawakupata kaburi la kuwekea shada la maua. Mtu aliyeamuru kwamba asishikwe mtu pasipo sheria alishikwa pasipo sheria, na hapakuwa na jaji wa kumwandikia amri ya kufunguliwa.

Baada yake walifuata wengi. Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukuliwa mwezi uliofuata. Padre Clement Kiggundu, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kikatoliki liitwalo Munno, aliuawa mwezi wa Januari 1973, mwili wake ukakutwa umeungua ndani ya gari lake. Sisi wenye kuandika katika magazeti ya Kanisa hatuwezi kulipita jina hilo bila kunyamaza kidogo. Na mwaka 1977 akauawa Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum. Mwisho moto ule ulifika na kwetu. Vita ya mwaka 1978 na 1979 iliwachukua vijana wa Tanzania hadi Kampala, na wako wazazi ambao wana wao hawakurudi. Hivyo ndivyo ilivyo sheria inapovunjwa nyumbani kwa jirani. Leo atalia jirani, na kesho kilio kitahamia kwako.

Wala tusijitape. Nchi yetu nayo ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini tangu mwaka 1962, na wako waliokaa ndani pasipo kupelekwa mahakamani. Haki za mtu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, zikaweza kudaiwa mahakamani tangu mwaka 1988. Ibara ya 15 ya Katiba yasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi akiwa mtu huru, na kwamba asikamatwe wala kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Maneno hayo ni mema. Lakini maneno yaliyoandikwa hayajiendeshi yenyewe. Yahitaji mtu wa kuyashika, na mtu huyo lazima awe amelelewa na kuzoezwa tangu utoto.

Hapo ndipo tunapowageukia wazazi. Wako Wakristo wema wanaowaambia watoto wao kwamba siasa ni uchafu na uwakili ni uongo, kwamba mtu wa Mungu akae mbali navyo. Twawasihi wafikiri tena. Kama wenye dhamiri wakiviacha vyeo vya hukumu, vitashikwa na wasio na dhamiri, na mjane wa Ikungi au mfugaji wa Mkalama aliyenyang'anywa haki yake atakwenda kwa nani? Tena wako wengine wanaowahimiza watoto wao washike vyeo ili watu wa dini yao, au wa kabila lao, nao wapate kula. Hao nao wamekosea. Kiwanuka alianza katika chama cha watu waliodai haki zao wenyewe, na dai lao lilikuwa la kweli. Lakini tunalomkumbukia zaidi ni ile siku alipomhukumia haki mtu ambaye hakuwa na faida naye yoyote.

Mafunzo hayo huanzia nyumbani. Mzazi akisikia ugomvi wa watoto, awasikilize wote wawili kabla ya kuadhibu. Mtoto wa kambo, au yatima aliyepokelewa, asihukumiwe kwa kipimo kingine kuliko yule wa tumbo. Mtumishi wa nyumbani akisingiziwa wizi, aulizwe, asipigwe kwanza. Mtoto aliyeyaona hayo jikoni na uani kwao atayajua hata akiwa hakimu.

Kumwita mtu shahidi wa dini ni kazi ya Kanisa, wala gazeti letu halijitwalii kazi hiyo. Lakini twakumbuka kwamba Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, alimkasirisha Kabaka Mwanga kwa kumkemea juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington, Mwingereza, tena Mwanglikana. Wa kwanza wa Mashahidi wetu Wakatoliki wa Uganda alisema kwa ajili ya mgeni asiye wa dhehebu lake. Benedicto Kiwanuka, aliyelelewa katika imani hiyohiyo, naye alimwamulia haki mgeni siku chache kabla ya kuchukuliwa.

Tangu mwaka 2018 majaji wa Uganda hukusanyika mwezi wa Septemba kumkumbuka mkuu wao. Nasi hapa Singida, siku hiyo ya 21 Septemba, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, tumtaje katika rozari ya jioni, tumwombee raha ya milele. Na tuwaombee mahakimu wetu, wa Mahakama Kuu na wa mahakama za mwanzo vijijini, ili aletwapo mbele yao mtu asiye na ndugu, wamsikilize kana kwamba ni ndugu yao.